Abiria wa Meli Akishuka Dar: Nani Ampeleke Kisarawe?

Meli ya kitalii ikifunga gatini Dar es Salaam asubuhi, abiria wake wana uamuzi mmoja wa kufanya kabla jua halijawa kali: wapande mabasi yaliyopangwa na meli yenyewe, au wamfuate mwongozaji waliyemtafuta kwa njia zao. Kwa haraka swali hilo linaonekana kuwa la wageni na pochi zao, lakini na sisi linatuhusu. Jibu lake ndilo linaloamua kama fedha za mgeni wa siku moja zitapanda hadi misitu ya Kisarawe, zitaishia Posta na Kariakoo, au hazitashuka melini kabisa.

Wanaolijadili huanzia kwenye bei: meli ghali, mtaani nafuu. Mara nyingi ni kweli, ila bei ni jambo la pili. La kwanza ni kujua nani anabeba hasara gari likikwama njiani. Kwa anayeshuka Dar es Salaam, tofauti hiyo inaonekana wazi katika wilaya mbili jirani za Mkoa wa Pwani. Kisarawe, takribani kilomita 30 kusini-magharibi mwa jiji, ni mwisho wa safari: unafika, unatembea, unarudi. Kibaha, takribani kilomita 40 kwenye Barabara ya Morogoro, ni mlango ambao wengi huupita tu kwenda bara. Safari za aina hizi mbili hazistahili jibu moja.

HESABU YA SAA

Chukua siku ya mfano: meli inafunga saa mbili asubuhi, na abiria wote wanatakiwa wawe ndani saa kumi na moja jioni. Kwenye karatasi hizo ni saa tisa. Toa muda wa maofisa wa Uhamiaji na afya kukagua nyaraka. Toa foleni ya kushuka ngazi. Toa muda wa kuvuka eneo la bandari lenyewe, maana ile ni bandari ya makontena na malori, si mahali pa mgeni kujitembelea. Mwisho weka akiba ya saa moja kwa ajili ya kurudi mapema. Zinabaki saa sita, au zaidi kidogo, za kugawanya kati ya barabara, matembezi na chakula.

Kisarawe inaingia humo. Barabara ya Nyerere inapita Tazara, lilipo daraja la juu la Mfugale lililofunguliwa mwaka 2018, inaendelea Uwanja wa Ndege, Gongo la Mboto, Pugu, hadi mjini Kisarawe. Njia ikiwa shwari, kwa saa moja umefika. Ikichafuka, hesabu mara mbili. Hata siku mbaya, mgeni aliyetoka mapema anapata muda wa kutembea msituni na kurudi bila kukimbizana na meli.

Kinachomngoja huko ni Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Pugu-Kazimzumbwi, iliyo chini ya Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Ni mabaki ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki, mapande madogo yaliyosalia ya msitu wa kale, yenye mimea na viumbe visivyopatikana kwingine duniani. Yumo komba mdogo wa Rondo, mnyama wa usiku asiyefikia hata gramu 100. Yapo pia mahandaki ya machimbo ya zamani ya kaolini, udongo mweupe wa kutengenezea vyombo vya kauri, ambayo popo wameyafanya makazi. Njiani kuna Shule ya Pugu, alikofundisha Julius Nyerere kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955 ili ajitoe kwa kazi ya TANU.

Hapa pana jambo ambalo mwongozaji mkweli hulisema mapema. Komba huyo hutoka usiku. Popo huanza kumiminika nje ya mahandaki jua linapozama, na hilo ndilo linalowavuta wakazi wengi wa Dar es Salaam kwenda kule jioni. Saa hiyo mgeni wa meli anatakiwa awe amekwisha kupanda ngazi. Anachopata ni msitu wa mchana: kivuli, ndege, vipepeo, na hadithi ya msitu unaong'ang'ana kuishi pembeni mwa jiji linalopikia mkaa. Hicho kinatosha kabisa, mradi asiwe ameuziwa popo.

Upande wa Kibaha hesabu inabadilika. Serikali imeupunguza sana usumbufu wa kutoka mjini: makutano ya Ubungo yamepata madaraja ya Kijazi, na kipande cha Kimara hadi Kibaha, kilomita 19.2, kimepanuliwa kuwa njia nane. Tatizo liko mbele. Ukiiacha Kibaha kuelekea Mlandizi na Chalinze, barabara inabanwa tena, na humo ndimo yanamopita malori ya mizigo ya Zambia, Kongo, Rwanda na Burundi. Lori moja likilala barabarani, foleni haiulizi nani ana meli ya kuwahi.

Hifadhi ya Taifa ya Mikumi iko karibu kilomita 300 kutoka bandarini. Matangazo ya "Mikumi kwa siku moja" yapo mengi, na si ya uongo: yanamhusu mtu aliyelala Dar es Salaam, akaondoka alfajiri, akarudi usiku. Abiria wa meli akiyasoma hudhani yanamhusu na yeye. Kwa barabara, Mikumi haimo katika saa zake sita, awe amepangiwa na meli au na shemeji yake. Vilevile Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, iliyomegwa kutoka Selous mwaka 2019: madereva hupitia Kisarawe na Maneromango hadi Mloka, lakini hiyo ni safari ya kulala huko. Ya siku moja ni kwa ndege ndogo, na ndege ndogo inaitegemea hali ya hewa.

Treni ya umeme imeongeza kishawishi. Tangu Juni 14, 2024 inabeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro kwa muda usiofika saa mbili, na ina vituo Pugu, Soga na Ruvu. Soga iko Kibaha. Pugu iko jirani kabisa na Kisarawe. Kwa mwenyeji ni neema. Kwa abiria wa meli kuna vikwazo vitatu: ratiba ya treni haijui ratiba ya meli, si kila treni husimama vituo vidogo, na hitilafu za umeme zimewahi kuisimamisha njiani. Treni ya kwenda Pugu, huku gari likimsubiri kituoni kwa ajili ya kurudi, ni mpango mzuri. Treni ya kwenda Morogoro kwa tiketi ya kurudi jioni ni kamari.

MELI INAUZA NINI HASA

Wengi hudhani ziara ya meli huongozwa na watu wa meli. Mara nyingi sivyo. Kampuni ya meli huingia mkataba na kampuni ya utalii ya pale bandarini, nayo ndiyo huleta mabasi, madereva na waongozaji. Kwa hiyo mwongozaji aliyewachukua abiria arobaini wa meli leo anaweza kuwa yule yule atakayewachukua wanne kwa mkataba wa binafsi wiki ijayo. Ujuzi hautofautiani, wala msitu. Kinachotofautiana ni karatasi.

Karatasi ya meli ina sentensi moja yenye thamani kubwa: ziara iliyonunuliwa melini ikichelewa, meli itasubiri, na ikishindikana, kampuni itagharimia kuwafikisha abiria bandari inayofuata. Hicho ndicho kinacholipiwa. Vingine vyote, basi lenye kipoza hewa, chupa ya maji, kibandiko cha namba kifuani, vinapatikana popote.

Lakini karatasi hiyo hiyo ina maandishi mengine ambayo wachache huyasoma. Kampuni nyingi za meli huandika kwamba watoa huduma wa nchi kavu ni wakandarasi wanaojitegemea, na kwamba meli haiwajibiki kwa makosa yao. Kwa maneno mengine, uhakika unaouzwa ni wa muda. Basi likipata ajali, chakula kikimdhuru mtu, au ziara ikiwa mbovu, abiria anaweza kuambiwa akamtafute mkandarasi. Anayelipa zaidi akidhani amenunua usalama wote amenunua sehemu yake tu.

Kuhusu sehemu hiyo ya muda, ushahidi ni mzito. Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn iliwaacha abiria wanane katika kisiwa cha São Tomé, kwenye Ghuba ya Guinea. Walikuwa katika ziara waliyoipanga nje ya meli, wakachelewa kwa zaidi ya saa moja. Meli ilikuwa bado inaonekana. Walinzi wa pwani wa kisiwa hicho wakawapeleka kwa boti hadi karibu yake, lakini hawakupandishwa. Wakafunga safari hadi Gambia kuiwahi. Huko nako meli haikuweza kuingia bandarini. Wakaenda Senegal, na Aprili 2 ndipo walipoipanda, Dakar. Kampuni ilisema muda wa kurudi ni wajibu wa abiria, na kwa mkataba wao ilikuwa sahihi.

Si ukatili mtupu. Meli kubwa hulipia gati, rubani wa bandari ameshapangiwa saa, maji kujaa na kupwa hayana mjadala, na bandari inayofuata inaisubiri. Kumngoja mtu mmoja ni kuwachelewesha maelfu.

KIPIMO CHA BANDARI INAYOFUATA

Hata hivyo hatari ya kuachwa haina uzito mmoja kila mahali. Kabla ya kuchagua, abiria atazame ratiba: baada ya Dar es Salaam meli inakwenda wapi?

Ikiwa inakwenda Zanzibar na kulala huko, aliyechelewa ana tumbo joto lakini hana msiba. Boti za abiria huvuka mara kadhaa kwa siku, kwa takribani saa mbili, na ndege ndogo zipo. Ikiwa inakwenda Mombasa, kuna barabara ya Tanga hadi mpaka wa Horohoro, safari ya siku nzima yenye mihuri miwili, na hapo pasipoti na viza ya kuingia tena ndivyo vitakavyoamua. Ikiwa inakwenda Shelisheli au Nosy Be, Madagaska, aliyeachwa ana kazi kubwa na gharama kubwa zaidi.

Kutokana na hilo kuna kanuni ndogo: ziara ya binafsi inapendeza zaidi pale bandari inayofuata ilipo karibu, na abiria anaposhuka na pasipoti yake au nakala nzuri, kadi ya benki na namba ya simu ya wakala wa meli wa bandari ile. Namba hiyo huandikwa kwenye karatasi ya ratiba ya siku. Wengi huiacha chumbani.

MWONGOZAJI WA BINAFSI NA LESENI YAKE

Faida ya kwanza ya ziara ya binafsi ni hesabu. Meli hutoza kwa kichwa. Mwongozaji wa nje kwa kawaida hutoza kwa gari. Watu wanne au watano katika Noah moja hugawana bei, na pengo linakuwa kubwa. Faida ya pili ni mwendo. Basi la watu arobaini hutumia muda mwingi kuhesabiana na kusubiriana chooni. Njia nyembamba ya msituni Pugu haiwafai watu arobaini kwa mkupuo, na ndege hawaimbi mbele ya mkutano wa hadhara.

Faida ya tatu ni shauku mahususi, na hapa Kibaha inarudi kwa sura nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 Denmark, Finland, Norway na Sweden zilishirikiana na Tanganyika kuanzisha kituo cha elimu, afya na kilimo pale Kibaha, kilichokabidhiwa kwa Tanzania mwaka 1970 na kuwa Shirika la Elimu Kibaha. Hospitali ya Tumbi ina asili yake humo. Mgeni wa Kiskandinavia ambaye mzazi wake alifanya kazi Kibaha hatakuta ziara hiyo kwenye kijitabu cha meli, kwa kuwa haijazi basi. Mwongozaji wa binafsi aliyeomba kibali mapema anaweza kumpeleka na kumrudisha kwa wakati, kwa sababu Kibaha mjini, tofauti na yaliyo mbele yake, bado imo ndani ya saa sita.

Hasara ziko wazi nazo. Nje ya lango la bandari yoyote kuna watu wanaojiita waongozaji. Zanzibar huitwa papasi. Wapo wakarimu, wapo wanaomgeuza mgeni kuwa shamba. Rahisi ghali, waliosema hawakukosea. Sheria ya Utalii ya mwaka 2008 inataka wafanyabiashara wa utalii Tanzania Bara wawe na leseni, inayojulikana kwa watu wengi kama TALA. Upande wa Zanzibar ni Kamisheni ya Utalii. Na amri ya Julai 2025 imeiweka kazi ya kuongoza watalii miongoni mwa biashara 15 ambazo wasio raia hawaruhusiwi kuzifanya. Mgeni ana haki ya kuomba kuonyeshwa leseni ya kampuni, kitambulisho cha mwongozaji na bima ya gari. Anayekasirika akiombwa amekwisha kujibu.

Swali jingine la lazima: gari likiharibika Gongo la Mboto, la pili litatoka wapi, na baada ya dakika ngapi? Kampuni makini ina jibu. Na saa ya kugeuza gari iandikwe kwa mtindo wa saa 24, ikifuata saa ya meli, ili pasiwe na mtu anayesema "nne" na mwenzake akaelewa nyingine.

WENZETU WANAFANYAJE

Zanzibar ina bahati ya jiografia. Mji Mkongwe, ulioingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2000, uko hatua chache kutoka bandari ya Malindi. Anayepotea humo anapotea karibu na meli yake. Kwa matembezi ya mji, mashamba ya viungo au kisiwa cha Changuu, kulipia uhakika wa meli ni kununua mwavuli wakati wa kiangazi. Kitu cha kukumbuka huko ni nyaraka: tangu Oktoba 2024 wageni wa kigeni wanaoingia Zanzibar wanatakiwa wawe na bima maalumu ya safari, ya dola 44. Abiria aulize mapema kama kusimama kwa meli kwa siku moja kunamwingiza katika kanuni hiyo.

Mombasa ina hali kama yetu. Fort Jesus na Mji wa Kale ni karibu. Milima ya Shimba ndiyo Kisarawe yao: msitu ulio karibu na jiji. Lakini kwa miaka mingi njia yake ilikuwa ya feri ya Likoni, na feri haina huruma na mwenye haraka. Barabara ya Dongo Kundu sasa imewapa njia ya pili. Tsavo Mashariki inafikika kwa siku moja, ila ni ya kuondoka mapema, na hapo wenye busara hununua ziara ya meli. Tofauti kubwa na Dar es Salaam ni kwamba Mombasa ina jengo lake la kupokelea abiria wa meli za kitalii. Wageni wakishuka mahali palipopangwa, wenye leseni hutofautishwa na wasionayo kabla ya mgeni kutoa hata senti.

FEDHA ZINASHUKA WAPI

Sasa upande wetu. Bei anayolipa abiria melini hugawanywa: meli huchukua fungu lake, kampuni ya nchi kavu hulipwa kiwango walichokubaliana, na kutoka hapo ndipo dereva, mwongozaji, kiingilio na chakula hulipwa. Kijiji kiko mwisho wa mnyororo. Ziara ya binafsi hufupisha mnyororo, hivyo kuna nafasi zaidi ya fedha kumfikia mwongozaji wa Kisarawe, mama lishe anayepika wali wa nazi, muuza korosho, na mchongaji wa mwana hiti, kinyago cha Wazaramo chenye asili katika mafunzo ya mwali.

Nafasi si uhakika. Mwongozaji wa binafsi anayetoka mjini na chakula chake kwenye ndoo ya barafu, akalipa kiingilio na kugeuza gari, hajaiachia Kisarawe kitu zaidi ya alichoacha basi la meli. Msitu huu umeliwa miaka mingi na mkaa na mashamba. Jirani wa msitu atauona una faida ukiwa umesimama pale tu utakapomlipa.

Meli za kitalii huja zaidi msimu wa kaskazi, kati ya Novemba na Aprili, na masika ikianza njia za msituni huteleza. Msimu ni mfupi, kwa hiyo maandalizi yafanywe kabla. Kisarawe inahitaji bidhaa moja iliyokamilika: ziara fupi ya nusu siku, yenye mwongozaji mwenyeji mwenye leseni, kiingilio kilicholipwa siku moja kabla kwa kumbukumbu namba, chakula kilichoagizwa kijijini, gari la akiba Pugu, na saa ya kugeuka isiyojadiliwa. Bidhaa hiyo iuzwe kwa njia zote mbili: kwa mgeni mmoja mmoja, na kwa kampuni za Dar es Salaam zinazohudumia meli. Mwenye uhakika wa muda hana sababu ya kuiogopa meli, anaweza kuiuzia.

HUKUMU

Kwa abiria anayeshuka Dar es Salaam, jibu liko hivi. Jiji lenyewe, Makumbusho ya Taifa, soko la samaki la Feri na Kariakoo: nenda na mwongozaji wako mwenye leseni, huna haja ya meli. Kisarawe: ziara ya binafsi ni bora kwa mgeni na kwa mwenyeji, kwa masharti ya leseni, gari la akiba na kurudi saa moja kabla. Kibaha mjini, kwa mwenye sababu ya kwenda: binafsi pia, kwa kibali na asubuhi. Nyerere kwa ndege: nunua kwa meli, kama inauza. Mikumi na chochote kilicho ng'ambo ya Kibaha kwa barabara: kiache hadi utakapokuja tena kwa kulala.

Kwa waongozaji, halmashauri na TFS, ombi ni moja. Wagombanao na meli kwa bei watashinda kwa siku chache. Watakaoshinda kwa miaka ni wale ambao magari yao hurudi bandarini saa tisa na nusu kila mara. Andikeni saa hiyo kwenye mkataba, na muilinde.